Bendera Isiyofuata Upepo: Uhakiki wa Alama za Kumbukumbu katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Utangulizi

Katika taaluma za Kiswahili, neno uhakiki limezoeleka zaidi kwa upande wa fasihi. Mhakiki husoma riwaya, tamthilia au diwani, kisha akabainisha kilichofaulu na kilichopwaya. Hata hivyo, neno hilo lina matumizi mengine yasiyopungua uzito: ofisi huhakiki vyeti, na benki huhakiki saini. Matumizi yote mawili yana asili moja na neno hakika. Kuhakiki, kwa hiyo, ni kuitafuta hakika ya jambo. Mhadhara huu unaichukua maana hiyo ya asili na kuipeleka mahali ambapo wanaisimu hawapatembelei mara kwa mara, yaani ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta. Swali linalochunguzwa ni hili: wahandisi wanapopendekeza kubadili bendera za usimamizi wa kumbukumbu, mhakiki husoma nini hasa, na imekuwaje kosa la alama moja likadumu miaka tisa bila kuzibwa?

Mfano utakaotumika ni kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Simu za Android, ambazo zimeenea mno Afrika Mashariki, huendeshwa na kiini hichohicho. Mambo yanayojadiliwa hapa, basi, si ya maabara za mbali peke yake. Yamo mifukoni mwa wasomaji. Aidha, juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta, kama vile mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilishughulikia maneno anayoyaona mtumiaji kwenye skrini. Lugha iliyomo chini ya skrini bado haijazungumzwa sana kwa Kiswahili.

Bendera ni nini?

Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika kurasa. Katika kompyuta nyingi, ukurasa mmoja una baiti 4,096. Kila programu inapoanza kufanya kazi hupewa maeneo ya kurasa, na kila eneo huwekewa masharti: je, linaweza kusomwa, kuandikwa, au kutekelezwa kama maagizo? Masharti hayo huandikwa kwa bendera. Bendera ni biti moja tu. Ikiwa ni 1 imepandishwa, ikiwa ni 0 imeshushwa.

Katika Linux, bendera ya kusoma ina thamani ya 1, ya kuandika 2, ya kutekeleza 4, na ya kushirikisha eneo kwa programu nyingine 8. Kila thamani ni maradufu ya iliyoitangulia, na kwa sababu hiyo jumla yoyote husomeka kwa namna moja pekee. Eneo lenye jumla ya 3 linasomwa na kuandikwa. Lenye 5 linasomwa na kutekelezwa, lakini haliandikwi. Nambari moja inabeba orodha nzima ya ruhusa.

Aina ya pili ni bendera za maombi. Sehemu ya kiini inapohitaji kumbukumbu, huambatanisha na ombi lake bendera zinazoeleza hali iliyomo. Je, mwombaji anaweza kusubiri? Je, kiini kinaruhusiwa kuandika kwenye diski ili kupata nafasi? Bendera ya GFP_ATOMIC hueleza kwamba mwombaji hawezi kusubiri hata kidogo. Bendera ya GFP_NOFS hutumiwa na mfumo wa mafaili kukataza kiini kisiuite mfumo huo tena kinapotafuta nafasi. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mfumo wa mafaili ukiwa umeshika kufuli na unasubiri kumbukumbu, kisha kiini kikaurudia kuomba msaada unaohitaji kufuli lilelile, kila mmoja atamsubiri mwenzake, na mashine itakwama.

Bendera na kiambishi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anazo nyenzo za kulielewa jambo hili. Katika sentensi “Kitabu kile kikubwa kimepotea”, alama ya ngeli imejitokeza mara nne. Kelele ikimeza neno moja, msikilizaji atalirejesha kwa msaada wa maneno yaliyobaki. Upatanisho wa kisarufi huilinda maana kwa kuirudia. Lakini alama ya njeo haina ulinzi huo. Tofauti kati ya “alisoma” na “atasoma” imebebwa na silabi moja, na ikipotea hakuna neno jingine ndani ya kitenzi linaloweza kuirudisha.

Bendera ya kiini inafanana na alama ya njeo kuliko alama ya ngeli. Hutamkwa mara moja tu, na sehemu nyingine za kiini huiamini bila kuuliza. Tena, bendera haina muktadha wa kuisaidia. Msikilizaji wa Kiswahili huweza kutambua kwamba mzungumzaji ameteleza ulimi. Kompyuta hutenda kama ilivyoambiwa. Hapa ndipo uhakiki unapopata uzito wake: binadamu anayesoma badiliko kabla halijapokelewa ndiye anayeweza kugundua kwamba kilichoandikwa sicho kilichokusudiwa.

Jina lisilo na mpaka

Mwaka 2007 kiini cha Linux kilipata bendera ya maombi iliyoitwa GFP_TEMPORARY, yaani ya muda. Nia yake ilikuwa njema. Kumbukumbu inayochukuliwa kwa kipindi kifupi ingewekwa mahali pamoja, ili ikirudishwa isiache mapengo madogomadogo yaliyotawanyika kati ya vipande vya kudumu. Waandishi wa sehemu mbalimbali za kiini walianza kuitumia.

Tatizo lilikuwa la kisemantiki. Muda mfupi ni muda gani? Je, anayeshika kumbukumbu hiyo anaruhusiwa kulala akisubiri jambo jingine? Je, anaweza kushika kufuli? Hapakuwa na jibu lililokubaliwa. Wazungumzaji wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili kupitia neno kitambo: “ngoja kitambo” ni muda mfupi, ilhali “tulionana kitambo” huweza kuwa zamani sana. Katika mazungumzo, sauti na muktadha huamua. Katika kiini, hakuna wa kuamua. Isitoshe, bendera hiyo ilikiambia kiini kwamba kumbukumbu husika inaweza kudaiwa irejeshwe, ilhali karibu watumiaji wake wote hawakuwa wameweka njia yoyote ya kuirejesha. Jina lilisema jambo moja, utekelezaji ukasema jingine.

Mwaka 2017 bendera hiyo iliondolewa kabisa, na waliokuwa wakiitumia wakahamishiwa kwenye bendera ya kawaida ya GFP_KERNEL. Mwaka huohuo bendera nyingine, iliyokuwa na maana ya “rudia”, ilipewa jina jipya lenye maana ya “jaribu tena, lakini huenda ukashindwa”. Jina la awali liliamuru kurudia bila kueleza kikomo, na kwa maombi madogo halikuwa na athari yoyote, kwa kuwa maombi hayo yalikuwa yakirudiwa hata bila bendera. Mabadiliko yote mawili hayakuongeza uwezo mpya wa mashine, yalisahihisha maana.

Bendera iliyoshushwa kabla ya wakati

Kosa la jina husumbua; kosa la kushusha bendera huweza kufungua mlango kwa mwizi. Mfano mashuhuri ni ule ulioitwa Dirty COW, uliozibwa Oktoba 2016. Ili kuuelewa, inafaa kueleza kwanza kanuni ya “nakili unapoandika”. Programu mbili zinaposoma faili moja, kiini huzipa ukurasa uleule. Ikiwa moja inataka kuandika katika eneo lake la faragha, kiini humtengenezea nakala yake, na asili hubaki salama.

Ipo njia, inayotumiwa hasa na wanaochunguza makosa ya programu, ya kuandika katika eneo la faragha hata kama eneo hilo limewekewa sharti la kusomwa tu. Ombi la namna hiyo hubeba bendera ya FOLL_WRITE, yenye maana ya “nakusudia kuandika”. Kiini hutengeneza nakala, kisha hurudi kuutafuta ukurasa. Lakini nakala yenyewe bado haijaruhusiwa kuandikwa, kwa kuwa sharti la eneo ni kusoma tu. Ili kisizunguke milele, kiini kilikuwa kikiishusha bendera ya FOLL_WRITE na kutafuta tena, kikiamini kwamba kitaikuta nakala.

Imani hiyo ndiyo iliyokuwa kosa. Kati ya hatua ya kutengeneza nakala na hatua ya kutafuta tena, uzi mwingine wa programu hiyohiyo uliweza kukiomba kiini kiitupe nakala. Kiini kiliporudi hakikuikuta. Kilipotazama ombi, hakikuona tena nia ya kuandika. Kiliona ombi la kusoma. Kwa uaminifu wote kikauleta ukurasa wa asili wa faili, kisha hatua iliyofuata ikauandika. Mtumiaji wa kawaida akaweza kubadili faili la msimamizi wa mfumo.

Torvalds mwenyewe alieleza, alipoandika marekebisho ya 2016, kwamba kasoro hiyo aliwahi kujaribu kuiziba miaka 11 kabla, na kwamba marekebisho hayo ya kwanza yaliondolewa kwa kuwa yalileta matatizo katika aina moja ya kompyuta kubwa. Kuanzia toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 hadi 2016, mlango ulikuwa wazi. Simu za Android nazo ziliathirika.

Tiba ilihusu bendera. Badala ya kuishusha ile ya kuandika, iliongezwa mpya, FOLL_COW, yenye maana ya “nakala imekwisha kutengenezwa”. Nia ya mwombaji ikabaki palepale, na tukio lililotokea likapewa alama yake. Pamoja na hayo, kiini kilitazama kama ukurasa una alama ya kuwa umechafuliwa, kikiichukua alama hiyo kuwa ushahidi kwamba ukurasa ni nakala.

Hata hivyo, alama ya uchafu ilikuwa dalili tu, si ushahidi kamili. Mwaka 2017 ilibainika kwamba katika kurasa kubwa alama hiyo ingeweza kuwekwa kwa njia nyingine pasipo nakala kutengenezwa. Mwaka 2022 ilionekana njia ya tatu, katika mafaili yanayokaa ndani ya kumbukumbu. Ndipo FOLL_COW yenyewe ilipoondolewa. Badala yake kiini huuchunguza ukurasa uliopo na kuuliza kama kweli ni mali ya faragha ya mchakato huo peke yake. Dalili ikabadilishwa kwa ukweli wenyewe.

Kazi ya mhakiki

Kutokana na mifano hii, maswali ya mhakiki wa bendera yanaweza kupangwa. Kwanza, nani anaipandisha, nani anaishusha, na nani anaisoma? Kiraka kinachogusa mmoja kati ya watatu hawa huwagusa wote, hata kama mistari yao haikuonyeshwa katika mapendekezo. Pili, bendera inaeleza nia, ruhusa, au tukio? Kuchanganya hayo matatu ndiko kulikozaa kasoro ya 2016. Tatu, nini kinaweza kutokea kati ya kuandikwa kwa bendera na kusomwa kwake? Nne, je, kuna nafasi? Katika kompyuta za biti 32, bendera za eneo la kumbukumbu zilihifadhiwa katika neno moja lenye nafasi 32 tu. Zilipojaa, baadhi ya bendera mpya ziliwekwa kwa ajili ya mashine za biti 64 pekee.

Baadhi ya maswali haya yamekabidhiwa kwa mashine. Tangu toleo la 6.3 la mwaka 2023, bendera za eneo la kumbukumbu hazibadilishwi tena moja kwa moja popote mwandishi apendapo. Hubadilishwa kupitia vitendaji maalumu, ambavyo huweza kukagua kama kufuli linalostahili limeshikwa. Hata hivyo, mashine inaweza kukagua kufuli. Haiwezi kukagua maana ya neno “muda”.

Kwa utaratibu wa Linux, mhakiki huliweka jina lake hadharani kwenye kiraka. Kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba amekisoma kitaalamu, kwamba mashaka yake aliyafikisha kwa mwandishi na akaridhika na majibu, na kwamba anakiona kina manufaa na hakina kasoro anayoijua. Wakati huohuo utaratibu unatamka kwamba hatoi dhamana ya kuwa kitafanya kazi. Huo ni msimamo wa kisomi: kuwajibika kwa usomaji bila kudai kujua yote.

Hitimisho

Wahenga walisema bendera hufuata upepo, wakimkusudia mtu asiye na msimamo. Bendera za kiini hazipaswi kuwa hivyo. Iliyoshushwa ili kukwepa ugumu wa kitambo iliwagharimu watumiaji miaka tisa ya hatari, na ile isiyo na maana ya hakika iliishi miaka kumi kabla ya kuondolewa.

Kwa wataalamu wa istilahi, funzo lake ni la moja kwa moja. Kazi ya kuunda maneno ya sayansi na teknolojia, ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limeishughulikia tangu kuundwa kwake mwaka 1967, haimaliziki neno linapopatikana. Istilahi isiyofafanuliwa mipaka yake hupokelewa kwa furaha, hutumiwa na kila mtu kwa namna yake, na baadaye huwa vigumu kuing’oa. Kiini, bendera, ukurasa, kufuli na kiraka ni maneno ya kawaida yaliyotosha kueleza hapa jambo lenye utata mkubwa. Kinachohitajika sasa ni kuyawekea fasili, na kuwa na wahakiki watakaouliza, kabla neno halijaingia kamusini, kwamba muda mfupi ni muda gani.