Waliopinga Kizuizini Ndio Waliotuletea Mswada

Ipo sheria moja ambayo wazee wa Chara hawakupata kuisoma, bali waliishi chini yake miaka ishirini na mitano. Ni zile kanuni za hali ya hatari za mwaka 1966. Zilitungwa kwa ajili ya vita vya shifta kule Kaskazini Mashariki, kisha zikazikokota pamoja na mkoa huo wilaya nne za jirani: Isiolo, Marsabit, Lamu na Tana River. Zilikaa hadi 1991. Katika muda huo askari wa serikali aliyesimama Garsen alikuwa na nguvu ambazo mwenzake aliyesimama Malindi hakuwa nazo, ingawa njia baina ya miji hiyo miwili ni moja. Tena mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, ya kwamba waliyoyatenda watumishi wa serikali katika sehemu hizo tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967 wasishitakiwe kwayo.

Nimeyatanguliza hayo, mpenzi msomaji, ili ujue mtu wa Chara husikiliza kwa sikio gani mgombea anapomjia na ahadi za uhuru wa raia.

Chara yenyewe ni mahali pa maji. Mto Tana ukijaa, shamba la mpunga hugeuka ziwa na jirani huendewa kwa mtumbwi. Ukipwa, miembe husimama juu ya udongo mweusi uliopasuka. Wapokomo hulima, Waorma na Wawardei huleta ng'ombe kwenye majani ya delta wakati wa kiangazi, na msikiti na kanisa havitupani mbali. Nimekaa na watu wa huko barazani zaidi ya mara moja, na kila mazungumzo ya siasa yanapoanza hayapiti kikombe cha pili cha chai kabla hayajarejea mwaka 2002.

Mwaka ule, tarehe 27 Desemba, Pwani iliungana na nchi nzima kumchagua Mwai Kibaki na muungano wa NARC. Nataka nieleweke hapa. Watu hawakumchagua Kibaki kwa ajili ya Kibaki, kwani alikuwa mtu wa serikali tangu uhuru, na makamu wa rais miaka kumi. Walichagua wale waliomzunguka. Humo mlikuwa na mawakili waliowatetea wafungwa wa kisiasa, na waliowahi kutiwa kizuizini wenyewe. Kiraitu Murungi, aliyefanywa Waziri wa Sheria, alikimbilia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuogopa mkono wa serikali, na Gibson Kamau Kuria, mwenzake wa ofisi moja ya uwakili, alitiwa kizuizini 1987 kwa kuwatetea mahabusu. Vijana wa haki za binadamu wa Mombasa, Malindi na Garsen waliwapigia kampeni watu hawa kama jamaa zao. Na Februari 2003 serikali ikafungua vyumba vya mateso vya Nyayo House, wananchi wakaingia kutazama. Nani asingeamini?

Haikutimia miezi mitatu. Mwisho wa Aprili 2003 serikali hiyo hiyo ikachapisha Mswada wa Kukomesha Ugaidi.

Sikatai kwamba ilikuwako sababu. Bomu la ubalozi wa Marekani la 7 Agosti 1998 liliua watu 213 Nairobi, na lile la hoteli ya Kikambala la 28 Novemba 2002 liliua Wakenya 10 na Waisraeli 3, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Watu wetu walikufa. Lakini tazama namna dawa ilivyochanganywa. Mswada ulimruhusu polisi kumweka mtu bila kumwona wakili wala jamaa zake kwa muda, na kuingia nyumbani kupekua bila hati ya mahakama pindi akiona jambo ni la haraka. Na kifungu cha 12 kikasema kwamba mtu akivaa nguo au akichukua kitu hadharani kwa namna ya kutia shaka kuwa ni mfuasi wa kundi la kigaidi, ana kosa.

Nguo! Sisi watu wa tungo tukikuta neno kama hilo ndani ya sheria hucheka kwanza, kisha kicheko hukatika. Nguo gani? Mswada haukutaja kanzu, wala kofia, wala kilemba, wala buibui. Haukuwa na haja ya kutaja. Maadamu shaka ni ya askari, basi askari ndiye fundi cherehani wa kupima. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani walikusudia kitabu cha sheria.

Wanaharakati waliompigia kura mgombea wao wakagawanyika, na hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Wako walionyamaza, wakisema serikali ni changa, ni yetu, tusiwape adui fimbo. Nilizisikia hoja hizo Mombasa, zikisemwa na watu niliokuwa nikiwaheshimu. Ndiyo hoja ile ile waliyokuwa wakiambiwa wao zamani na wafuasi wa KANU, lakini sikumsikia mmoja wao akiitambua sura yake. Wako na waliosimama. Muhuri, jumuiya ya Waislamu ya kutetea haki za binadamu iliyoanzishwa Mombasa 1997, iliupinga mswada waziwazi, na masheikh na mawakili wa Kikristo wakajikuta upande mmoja. Julai 2003 kamati ya Bunge ya mambo ya sheria ikaukataa. Mwenyekiti wake alikuwa Paul Muite, wakili wa harakati zile zile za miaka ya 1990. Basi mwanaharakati aliuleta mswada, na mwanaharakati akauzuia. Mwenye kuniambia kwamba watu hawa wote ni wamoja, hilo hunipa la kumjibu.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 2006 watu waliofunika nyuso, wametumwa na serikali, waliingia usiku katika gazeti la Standard na kuchoma magazeti, na Waziri John Michuki akajibu kwamba mwenye kumchokoza nyoka atarajie kuumwa. Januari na Februari 2007, kutoka Nairobi, watu zaidi ya 80, wakiwamo wanawake na watoto, walipakiwa ndegeni usiku kupelekwa Somalia, na wengi wao wakaishia katika jela za Ethiopia. Wamo waliokuwa raia wa Kenya. Mwingine, aliyekamatwa Mombasa Februari mwaka huo, alipelekwa Guantanamo na hakurudishwa nchini hadi Desemba 2024.

Basi Waislamu wakamgeukia mgombea wa pili. Agosti 2007 viongozi wa NAMLEF walitia sahihi mkataba na Raila Odinga wa ODM, na miongoni mwa aliyoahidi ni tume ya kuchunguza kusafirishwa kwa raia hao. Huyu naye alikuwa mtu wa kizuizini, tena wa miaka mingi, na jina lake Pwani lilipendwa mno. Aprili 2008 akawa Waziri Mkuu. Tume ile hatukuiona. Julai 2010, baada ya mabomu ya Kampala, Wakenya wengine wakapelekwa Uganda kwa njia zile zile. Na Oktoba 2012 Sheria ya Kuzuia Ugaidi ikatiwa sahihi, ODM ikiwa ndani ya serikali. Haki isemwe: kile kifungu cha nguo hakimo tena, na Katiba ya 2010 ilikwisha kuipunguza makali. Lakini kwa aliyeweka mkataba wa 2007 kabatini, si jambo la kusherehekea.

Na Chara? Mwezi mmoja kabla ya sahihi hiyo, Chara na delta nzima walikuwa katika msiba wao. Mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyoanza Agosti 2012 yaliua watu zaidi ya 100, wengine hatua chache kutoka Chara, kama Kilelengwani mnamo 10 Septemba. Serikali ikaleta askari wengi na kafyu ya machweo hadi macheo. Watu walihitaji kulindwa, na hakuna niliyezungumza naye aliyetaka askari wasije. Mzee mmoja Mpokomo alinieleza shida yake kwa utulivu: mpunga ukikaribia kuiva hulindwa usiku, la sivyo viboko huumaliza. Kafyu ikamlaza ndani, viboko wakala. Akaongeza kwamba 1966 ilikuwa vivyo hivyo, yeye akiwa mtoto, na kwamba hakuna mbunge wala mwanaharakati aliyekuja kumuuliza kuhusu kafyu yoyote katika hizo mbili.

Desemba 2014, Raila akiwa tena nje ya serikali, muungano wake wa CORD uliipeleka mahakamani sheria mpya ya usalama, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Kazi njema kabisa. Mimi nimeandika tarehe hizi katika daftari, safu mbili, alipokuwa ndani na alipokuwa nje, na safu ya nje ndiyo yenye mengi ya kumsifu. Baada ya maandamano ya 2024, yaliyoua vijana wasiopungua 60 kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, watu wa ODM waliingia barazani mwa mawaziri, Hassan Joho wetu akiwa mmoja wao, na Machi 2025 ukaja mkataba wa Raila na Rais Ruto. Fidia ya waliouawa iliandikwa humo. Raila alifariki Oktoba mwaka huo huo, na vijana waliompenda wakamlia, hata wale waliokuwa wamemkasirikia.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Vijana wa Chara wameniambia hawataki tena mkataba wa kutiwa sahihi hotelini Nairobi. Wamekwisha andika maswali yao kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari la shule, na la kwanza ni la yule mzee: kafyu ikiwekwa, nani atalinda mpunga?