Muscat kwa majaribio: Baba na mama wanajaribu, mtoto je?

Katika familia nyingi za mwambao wetu, kuanzia Tanga na Pemba hadi Unguja na Dar es Salaam, hakosekani mwenye ami, shangazi au binamu Muscat. Wapo waliokwenda baada ya Mapinduzi ya 1964, wapo waliokwenda baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na wapo waliokwenda juzi tu kutafuta maisha. Basi huja siku simu ikapigwa: njooni mkae mwaka mmoja, mkipenda mtabaki, msipopenda mtarudi. Baba anapata mkataba wa kazi, mama anafunga virago, na watoto wawili watatu walio chini ya miaka saba wanabebwa.

Hakuna ubaya katika hilo. Kwa hakika ni busara kujaribu kabla ya kuuza nyumba na shamba. Lakini majaribio hayo ni ya mkataba na ya mfuko. Mwili wa mtoto haujui kwamba mmekwenda kujaribu. Chanjo iliyompita imempita, joto litakalompiga litampiga, na ile kinga kidogo ya malaria aliyoijenga hapa itaanza kupungua bila kusubiri wazazi waamue kubaki au kurudi. Hivyo basi, anayekwenda kwa majaribio anatakiwa apange safari mbili tangu siku ya kwanza, ya kwenda na ya kurudi. Wengi hupanga ya kwenda tu.

Tuanze na miezi. Mgeni anayealikwa Desemba au Januari huikuta Muscat nzuri mno, nyuzi joto 20 na kitu, watoto wanacheza ufukweni, naye husema mbona hilo joto wanalolisimulia silioni. Kisha inaingia Mei. Kuanzia hapo hadi Julai joto la mchana hupita nyuzi 40 kwa siku nyingi, na kwa kuwa mji uko pwani, unyevu wa hewa huufanya mwili ushindwe kupoa kwa jasho. Mwezi Juni 2018 mji wa Quriyat, ulio pwani kusini mashariki ya Muscat, ulitajwa duniani kote kwa sababu joto lake halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Serikali ya Oman hupiga marufuku kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9:30 mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ikiwa mjenzi mwenye misuli yake anaondolewa juani kwa amri, mtoto wa miezi minane atawezaje?

Kwa hiyo aliyejaribu majira ya baridi peke yake hajajaribu. Na aliyemshusha mtoto mchanga uwanja wa ndege mwezi Julai amemwonea, kwani mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya. Kwa maoni yangu wakati mzuri wa kufika ni mwishoni mwa Oktoba au Novemba, mkae hadi muuone msimu wa joto, ndipo mzungumze habari ya kubaki. Mwenye mtoto wa shule akumbuke kwamba mwaka wa masomo kule huanza karibu na Septemba, wetu huanza Januari. Aongee na mwalimu mkuu mapema, nafasi ya mtoto isipotee.

Ama kuhusu hati, sote hukumbuka pasipoti na tukasahau kadi ya kliniki. Kwa ratiba yetu, mtoto hupata BCG na matone ya polio akizaliwa, kisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu mtoto ameshatembea na mama haoni tena sababu ya kwenda kliniki. Itazame kadi leo. Ikiwa kuna tarehe iliyopita, nenda ukaimalizie hapa hapa, usingoje ya kule. Ratiba za nchi hutofautiana, na daktari wa kule asiyeona maandishi hana namna ya kujua mtoto amepata nini. Huenda akaanza upya au akaacha pengo. Tengeneza nakala mbili, piga picha kwenye simu, na kadi yenyewe iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalopelekwa chini ya ndege.

Chanjo ya homa ya manjano uulizie ubalozini na kwa shirika la ndege, hasa ukipitia Nairobi au Addis Ababa. Cheti chake huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, hivyo usiende kuchomwa jana ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Anayekwambia lazima urudie kila miaka 10 anakupa kanuni ya zamani. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachomwi, na mama mjamzito asichomwe bila ushauri wa daktari.

Kisha vipo vipimo vya watu wazima. Nchi za Ghuba humpima damu na kumpiga picha ya kifua mtu mzima anayeomba ukaazi. Akikutwa na virusi vya UKIMWI hupata kukataliwa, na kifua kikuu nacho kinaweza kumkwamisha. Ushauri wangu ni huu: baba na mama wapime hapa nyumbani kwanza, kabla ya kuacha kazi, kabla ya kuuza hata kabati. Hapa Tanzania dawa za kifua kikuu na za UKIMWI hutolewa bure, na mtu huanza tiba akiwa kwao, na watu wake. Kulijua jambo hilo ukiwa ugenini, umeshauza kila kitu na watoto wamekutazama, ni mtihani mzito usio na haja. Mama anayehisi ana mimba aseme kabla ya kuingia chumba cha picha. Na akitaka kuruka na mimba kubwa, ajue mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 humkatalia.

Dawa za kubeba nazo zina hesabu yake. Mwenye presha, kisukari, kifafa au pumu abebe za kumtosha angalau mwezi au miwili, zikiwa ndani ya maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari kilichoandikwa kwa Kiingereza. Usichanganye vidonge katika kichupa kimoja. Dawa za maumivu kama tramadoli, na za kikohozi zenye kodeini, ni dawa zinazodhibitiwa kwa ukali katika nchi za Ghuba. Watu wamewahi kukamatwa kwa vidonge walivyopewa na jirani. Na mzigo wa mtu mwingine usiubebe, hata akiwa shemeji yako, mpaka uufungue uone kilichomo.

Hapa nisimame kidogo kwa mwenye mtoto wa sikoseli, au selimundu kama tunavyoiita sasa. Ugonjwa huu uko kwetu na uko Oman pia, kwa hiyo madaktari wa kule wanaufahamu vizuri, na hilo ni jambo la kumshukuru Allah. Lakini upungufu wa maji mwilini ndio mmoja wa wachochezi wakubwa wa yale maumivu ya mifupa, na joto la Juni halimsubiri mtoto aseme ana kiu. Asisafiri akiwa na homa au maumivu. Kabla ya kukata tiketi, daktari wake aandike muhtasari: aina ya ugonjwa, kiwango cha damu cha kawaida, mara alizoongezewa damu na dawa anazotumia. Ndani ya ndege anywe maji mara kwa mara na afunikwe, maana baridi nayo humchokoza.

Na je, nani atalipa? Usidhani kwamba kwa kuwa nchi ni tajiri basi mgeni hutibiwa bure. Muulize mwajiri kwa maandishi: bima inamhusu mfanyakazi peke yake, au na mke na watoto? Kujifungua kumo? Na bima ya nyumbani usiiache ife, kwani ndiyo itakayokupokea ukirudi.

Mkishafika, liko jambo moja la usafi ambalo wageni hawaambiwi. Maji ya bombani hukaa kwenye matangi juu ya paa. Msimu wa joto jua huyachemsha, na bomba la maji baridi likatoa maji ya moto kweli kweli. Mtoto amechafuka, mama anamkimbiza bafuni, anafungua bomba la baridi kumtawaza, na ngozi laini inaungua. Jaza maji kwenye ndoo kwanza, yapime kwa kiwiko, ndipo umguse mtoto. Wenyeji wengi huzima hita ya ndani miezi hiyo na kuyatumia maji yaliyopoa ndani ya hita kama ndiyo ya baridi. Hata udhu wa adhuhuri utakufundisha jambo hilo.

Gari nalo ni tanuri. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo. Usimwache mtoto hata kwa kisingizio cha kununua mkate, na akirudi na basi la shule hakikisha ameshuka. Namba ya dharura ya Oman ni 9999; ibandike ukutani, na mtoto wa miaka sita aifahamu. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya hadi miaka miwili kama tulivyosoma katika Suratul Baqara. Safari si sababu ya kumwachisha, tena maziwa ya mama ndiyo chakula salama zaidi katika wiki hizo za kuhangaika.

Sasa mama mwenyewe. Hapa nyumbani mtoto akiumwa usiku yupo bibi, yupo wifi, yupo jirani wa ukuta kwa ukuta. Kule baba hutoka asubuhi, mlango wa fleti ukafungwa, kiyoyozi kikavuma, na nje hapatokeki kwa joto. Siku ya kwanza ni raha, mwezi wa tatu ni jela. Dalili za sonona ni kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kulia bila sababu, kukosa hamu ya chakula, kumchoka mtoto, au kuona afadhali asingekuwepo duniani. Ndugu yangu baba, ukiona hayo usiseme mke wako hana shukrani, wala usikimbilie kusema ni mashetani. Dua na ruqya hazizuii hospitali. Ni maradhi, nayo yana tiba, na anayezungumza kutojitaka duniani apelekwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka kubalianeni kwamba kauli ya mama juu ya kurudi ina uzito sawa na ya baba. Fedha za tiketi za kurudi za familia nzima ziwekwe kando, zisiguswe kwa kununua gari.

Nimeacha la kurudi mwisho kwa kuwa ndilo linaloua. Mtu aliyekulia Mtwara, Kigoma au Geita huumwa malaria mara kwa mara, na mwili wake hujenga kinga ya kiasi. Kinga hiyo hutegemea kukutana na vimelea. Akikaa mbali navyo hupungua, na mtoto mdogo aliyekuwa hajaijenga bado harudi na chochote. Aliyezaliwa kule hanayo kabisa. Kisha familia inarudi likizo au inarudi moja kwa moja, watoto wanapelekwa shamba kwa bibi, bibi anasema huyu ni mtoto wa hapa hapa, mbu hawamwogopeshi, na chandarua kinabaki kabatini. Wiki ya pili homa. Wanampa panadoli. Siku ya tatu degedege.

Mtoto huyo mtazame kama mgeni, hata kama jina lake na nyumba yake ni za Tanga. Kabla ya kuondoka Muscat muone daktari awaandikie dawa za kinga ya malaria kwa umri na uzito wa kila mmoja, maana zipo zisizofaa watoto wadogo na zipo zisizofaa wajawazito. Chandarua chenye dawa kiwe kimetundikwa kabla hamjafika. Na homa yoyote baada ya kurudi ihesabiwe kuwa ni malaria mpaka kipimo kikatae: apimwe ndani ya saa 24, na majibu yakiwa hasi na homa ikiendelea arudiwe kupimwa. Dawa ya mseto imalizwe yote. Akitapika kila kitu, akilegea, akishindwa kunyonya au akipata degedege, ni hospitali, hata kama ni saa 8 za usiku.

Kanuni hiyo hugeuka vilevile kwa upande wa pili. Malaria ya hatari huweza kujitokeza wiki moja hadi mwezi baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine zaidi. Mtoto akipata homa mkiwa ndiyo kwanza mmefika Muscat, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba mmetoka Afrika Mashariki, tarehe fulani, kwani huenda asiiwazie.

Kadi ya kliniki nayo irudi nanyi. Omba kituo cha kule kiandike kila chanjo na tarehe yake kwa Kiingereza, mhuri ugongwe, kisha ndani ya wiki ya kwanza ipelekeni kliniki ya mtaani muuguzi aijaze kwenye kadi ya hapa na kuwapangia tarehe ya hudhurio linalofuata.