Tusione muhali pale damu inapolia

 

Leo nataka tuongee jambo ambalo huenda umeshaliongea wiki hii. Kila inapotangazwa mahali fulani duniani kwamba mauaji ya miaka mingi iliyopita yamepatiwa ufumbuzi, habari hiyo haichukui siku mbili kufika kwetu. Utaisikia ndani ya daladala ya kutoka Darajani, utaikuta kwenye kahawa pale Jaws Corner, na ibada ikiisha utawasikia waumini wakiendelea nayo uani kwa kanisa. Kila mmoja ana lake. Huyu anasema alijua tangu mwanzo, yule anasema muuaji anyongwe, na mwingine anatikisa kichwa na kusema Mungu si Athumani.

Mazungumzo hayo si dhambi. Lakini nakuuliza, Mkristo anayazungumzaje mambo haya? Na akishamaliza kuyazungumza, yeye anabaki na wajibu gani?

Damu ya ndugu ilimtaja

Chukua kesi ya California, Marekani, ambayo imezungumzwa sana. Kati ya mwaka 1974 na 1986 mtu mmoja aliingia majumbani mwa watu usiku, akabaka makumi ya wanawake na kuua watu 13. Kisha akanyamaza. Majalada yakajaa vumbi, wapelelezi wakastaafu, baadhi ya wazazi wa waliouawa wakafariki bila jibu. Aprili 2018 polisi walikwenda kumkamata nyumbani kwake mzee wa miaka 72, Joseph James DeAngelo. Katika miaka ya kwanza ya uhalifu ule alikuwa yeye mwenyewe askari polisi.

Walimpataje? Vinasaba vyake vilikuwa vimehifadhiwa tangu siku za uhalifu. Wapelelezi walivilinganisha na vya watu waliojiandikisha kwenye intaneti kutafuta koo zao, wakapata ndugu wa mbali, watu ambao huenda hawakuwahi hata kumwona. Kutoka kwa ndugu hao wakachora ukoo, tawi kwa tawi, hadi wakafika mlangoni kwake. Sisi husema damu nzito kuliko maji, tukiwa na maana kwamba ndugu humsitiri ndugu. Safari hii damu ya ndugu ndiyo iliyomtaja. Mwaka 2020 alikiri mauaji yote 13 na akahukumiwa kifungo cha maisha.

Ukisoma habari hiyo unakumbuka Mwanzo sura ya 4. Kaini alidhani shambani hapakuwa na shahidi, kumbe ardhi yenyewe ilikuwa imefungua kinywa chake ikaipokea damu ya Habili. Mungu akaisikia ikilia.

Lakini kuna sehemu ya kesi hii ambayo barazani haisimuliwi. Mwaka mmoja kabla ya kukamatwa DeAngelo, njia hiyohiyo ya vinasaba iliwapeleka wapelelezi kwa mzee mwingine, mgonjwa aliyekuwa akitunzwa katika nyumba ya wazee huko Oregon. Walimpima. Hakuwa yeye. Fikiria kama jina lake lingeingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp siku ile kabla ya majibu kutoka. Nani angelirudi nyumba kwa nyumba kulisafisha? Mithali sura ya 18 inatuonya kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuondolewa siku simu zilipoingia.

Nanyuki si mbali

Usidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Jirani zetu Kenya wana habari ya Agnes Wanjiru, binti wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga wa miezi mitano. Machi 31, 2012 alionekana mara ya mwisho usiku, hotelini mjini Nanyuki, mahali palipokuwa na askari wa Uingereza waliokuwa mazoezini. Miezi miwili baadaye mwili wake ulikutwa ndani ya shimo la maji taka la hoteli hiyo.

Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema wazi kwamba Agnes aliuawa, na kwamba waliohusika walikuwa askari wa Uingereza. Mwaka 2021 gazeti la Sunday Times liliandika kuwa miongoni mwa askari wenyewe jambo hilo lilikuwa likijulikana na kusemwa. Septemba 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikatoa hati ya kukamatwa mtuhumiwa mmoja, na Novemba mwaka huo akakamatwa Uingereza. Amekana, na mpaka mahakama iseme vinginevyo yeye ni mtuhumiwa tu. Tulinde hilo kama tunavyotaka lilindwe kwetu.

Ila tazama miaka: 2012 hadi 2025. Yule mtoto wa miezi mitano amekua bila mama. Kilichochelewesha jambo si kukosekana kwa mitambo peke yake. Kama yaliyoandikwa ni kweli, walikuwepo watu waliojua. Kwa nini mtu anayejua anyamaze?

Mzani wa wazee wa Israeli

Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inazungumzia kesi ambayo haina mtuhumiwa. Mtu amekutwa ameuawa kondeni na aliyemuua hajulikani. Sheria ya Musa haikusema basi, azikwe, maisha yaendelee. Wazee na waamuzi walitoka wakapima umbali kutoka kwenye maiti hadi kwenye miji iliyozunguka. Mji uliokuwa karibu zaidi ulibeba wajibu. Wazee wake walimpeleka mtamba kwenye bonde lenye maji yanayotiririka, akavunjwa shingo, wakanawa mikono juu yake na kutamka mambo mawili: kwamba mikono yao haikuimwaga damu ile, na kwamba macho yao hayakuona.

Zingatia hilo la pili. Haikutosha kusema sikuua. Ilikupasa useme pia sikuona. Aliyeona akanyamaza hakuwa na namna ya kunawa mikono mahali pale. Pilato naye alinawa, tena kwa maji safi na mbele ya watu wote, lakini alikuwa ameona na alikuwa anajua. Mambo ya Walawi sura ya 5 inalisema waziwazi zaidi: mtu akisikia wito wa kutoa ushahidi, naye ni shahidi aliyeona au kujua, asiposema atauchukua uovu wake.

Ugonjwa wetu unaitwa muhali

Sisi wa Unguja tuna neno letu kwa jambo hili. Tunaona muhali. Mtoto amedhalilishwa na jirani, tunaona muhali kwenda kushtaki kwa sababu tumekula naye harusini. Mke anapigwa mpaka anavunjwa mkono, familia zinakaa na kumaliza wenyewe. Kesi inafika mahakamani, siku ya ushahidi shahidi haonekani. Halafu jioni shahidi huyohuyo yuko barazani, anachambua kesi ya California kwa ufundi mkubwa.

Muhali una uzuri wake. Ndio unaotufanya tusalimiane, tusitiriane, tusiaibishane hadharani. Lakini muhali ukimsitiri mwenye nguvu na kumwacha uchi aliyeumizwa, hapo haustahili tena kuitwa heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nami najua baadhi yenu mnamfikiria nani mnaposoma haya. Februari 17, 2013, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Padri Evarist Mushi, Paroko wa Minara Miwili, alipigwa risasi asubuhi alipokuwa akifika kuadhimisha Misa. Waamini walikuwa wanamsubiri. Kardinali Polycarp Pengo aliongoza Misa ya mazishi, na mwili ukalazwa Kitope. Wapo wanaokuwa watu wazima leo waliobatizwa kwa mikono yake. Kila kesi ya zamani inapofumbuliwa huko duniani, jina lake hurudi midomoni mwetu.

Sitaandika hapa jina la yeyote aliyewahi kutajwa barazani kuhusu damu ile. Wala usinitumie. Na nakusihi usiigeuze kumbukumbu ya padri kuwa mawe ya kuwarushia majirani zetu Waislamu. Miezi michache kabla yake, Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Uovu wa siku zile haukuuliza mtu anaswali wapi. Lakini kama yupo mtu kisiwani hapa, wa dini yoyote, aliyeona kitu asubuhi ile au aliyesikia kitu baadaye, Kumbukumbu la Torati 21 inamuuliza: unaweza kunawa mikono na kusema macho yako hayakuona?

Je, kusamehe si kunyamaza?

Hapa wengi hukwama. Wanasema sisi Wakristo tumeamriwa kusamehe, kwa hiyo tuyaache. Desemba 1983 Papa Yohane Paulo II alikwenda gerezani Roma kukaa na Mehmet Ali Ağca, mtu aliyempiga risasi mwaka 1981. Alikuwa ameshamsamehe kutoka moyoni. Wakaongea, wakapeana mikono, kisha Papa akaondoka na Ağca akabaki gerezani miaka mingi mingine. Msamaha ulikuwa wa kweli, na hukumu ilikuwa ya kweli. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni mwako. Kuficha ushahidi ni kumnyima haki mtu mwingine, na haki hiyo si mali yako uigawe.

Na kwa wewe ambaye jambo lenyewe ni lako, uliyelifanya na kulifukia, nina neno kwako pia. Musa alimfukia Mmisri mchangani, kesho yake likajulikana. Daudi alimficha Uria nyuma ya vita, Nathani akaja mlangoni. Mungu alimfuata Daudi kwa sababu alikuwa hajamkatia tamaa. Kama unasubiri siku vinasaba vitakapobisha hodi, utakuwa umesubiri adhabu tu. Ukienda mwenyewe leo, utaikuta adhabu na utaikuta neema pia. Mtafute padri au mchungaji wako, mwombe akusindikize.

Mpendwa msomaji, wiki hii fanya mambo matatu. Usisambaze jina la mtu ambaye mahakama haijamhukumu. Kama kuna ushahidi unaoushikilia, wa mauaji au wa mtoto aliyedhalilishwa mtaani kwako, upeleke kituo cha polisi au ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na ukiogopa nenda na kiongozi wako wa kanisa. Kisha mtembelee mfiwa mmoja ambaye watu wameshaacha kumuuliza habari za marehemu wake. Litaje jina la marehemu mbele yake. Utaona linavyopokelewa.

Tuombe. Bwana Mungu, wewe uliyeisikia damu ya Habili, uwape faraja wote wanaosubiri jibu. Utupe kinywa cha kusema tulichokiona, na utufunge kinywa tusiseme tusichokijua. Mwenye kuficha umpe ujasiri wa kutubu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.