Nani Ameishika Mizani ya Kamari ya Simu?

Wiki chache zilizopita tulikuwa Mkokotoni katika shughuli zetu za kawaida za kuonana na wananchi, na jioni, baada ya sala ya alasiri, tukakaa katika kibanda kimoja karibu na diko. Vijana waliokuwamo walikuwa wamerudi baharini asubuhi. Dagaa walikuwa wameshauzwa, pesa zimeshaingia simuni, na kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake kama mwanachuoni aliyeinamia juzuu. Hawakuwa wakisoma. Walikuwa wakitandika mikeka.

Kwa msomaji asiyeijua lugha hii, mkeka ni orodha ya mechi za mpira ambazo mcheza kamari amezibashiri kwa pamoja. Akikosea moja tu, mkeka wote umechanika na pesa zimekwenda. Mwengine alikuwa akicheza ule mchezo wa kindege kinachopaa kwenye kioo cha simu, ambapo dau huongezeka kadiri kindege kinavyopanda, na mchezaji hutakiwa kutoa pesa zake kabla hakijatoweka.

Kijana mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi, alitugeukia na kutuuliza swali ambalo tangu siku hiyo limetukaa rohoni. Alisema: "Wakubwa zetu mnatwambia kamari ni haramu. Hilo nimelisikia tangu chuoni na sina hoja nalo. Mimi nauliza jengine. Huu mchezo ulio ndani ya simu, nitajuaje kama si wizi?"

Wenzetu walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali lile lilikuwa la haki. Mtu anayeuliza kama mizani ya sokoni ni sawa hajasema kwamba atanunua. Na mwananchi ana haki ya kujua hali ya mizani hata pale tunapomshauri asikaribie duka. Msimamo wa dini tunaujua sote. Neno kamari lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na lile neno la Kurani, maysir, wanazuoni wengi wamelihusisha na neno lenye maana ya wepesi, yaani mali inayopatikana pasipo taabu. Lakini kumwambia kijana kwamba jambo ni haramu, kisha tukanyamaza alipotuuliza linavyofanya kazi, ni kumwachia mwenye kibanda awe mwalimu wake wa hesabu.

Tuanze na usalama, ambao ni jambo jepesi kuliko haki. Mtandao wa kamari ulio wa matapeli hutambulikana mapema na mtu aliye macho. Humtaka mchezaji namba ya siri ya simu yake ya pesa, jambo ambalo hakuna mfanyabiashara wa kweli anayelihitaji. Humtumia ujumbe kutoka namba ya mtu binafsi. Humtaka apakue programu kwa njia ya panya. Humwambia kwamba ameshinda zawadi kubwa, ila kwanza atume kiasi fulani cha "kuifungua". Na wapo wanaowauzia vijana programu eti ya kutabiri kindege kitatoweka lini. Tunatamka wazi kwamba huo ni utapeli mtupu: angekuwapo mtu mwenye uwezo wa kutabiri, asingeuuza kwa shilingi elfu kumi, angekaa nao kimya.

Kipimo bora cha usalama si jinsi pesa zinavyoingia, bali jinsi zinavyotoka. Kuingiza ni mlango ulio wazi mchana na usiku. Kutoa huwa tundu la sindano. Ndipo hapo mchezaji anapoambiwa alete kitambulisho ambacho hakuulizwa siku ya kuweka, au kwamba ile zawadi ya kukaribishwa ina sharti la kuzungushwa mara nyingi kabla ya kutolewa. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: pesa zikiwa ndani ya simu ziko chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na kampuni ya simu inalazimika kuziwekea kiasi kinacholingana nazo katika akaunti ya amana benki. Zikishahamishwa kwenda kwa mwenye kamari, zimetoka katika ulinzi huo.

Watu husema: tazama leseni. Ni ushauri mwema, lakini picha ya leseni iliyobandikwa chini ya ukurasa si leseni. Inafaa itafutwe katika orodha ya mamlaka yenyewe iliyoitoa. Tena leseni hazilingani. Kwa miaka mingi kisiwa cha Curaçao, kilichoko bahari ya Karibi, kilikuwa na makampuni machache yenye leseni kuu, nayo yakawakodishia wengine vivuli vya leseni hizo. Utaratibu huo ulibadilishwa na sheria mpya iliyoanza mwezi Disemba 2024. Na hata leseni ya nchi yenye mkono mkali si ngome. Kampuni iliyoendesha Football Index ilikuwa na leseni ya Uingereza ilipoanguka mwezi Machi 2021, na wachezaji wake wakapata hasara kubwa.

Sasa tuje kwenye haki, maana hapa ndipo kijana yule alipotugusa. Kindege, karata na gurudumu la ndani ya simu haviendeshwi na upepo wala na mkono wa mtu, bali na hesabu inayotoa namba. Nani ameichungulia hesabu ile?

Mwaka 1999 kampuni moja iliyotengeneza programu ya karata za poka kwa ajili ya mitandao ilitaka kuuthibitishia ulimwengu uaminifu wake, ikatangaza hadharani namna inavyochanganya karata. Wataalamu wa kampuni nyengine, Reliable Software Technologies, waliisoma namna ile wakagundua maajabu. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi mno, idadi yenye tarakimu 68. Programu ile iliweza kutoa mipango isiyozidi bilioni nne na ushei. Na kwa kuwa ilianza hesabu yake kutokana na saa ya kompyuta, ikibakia kwenye mipango milioni 86 tu. Wataalamu walipolinganisha saa yao na saa ya mchezo, mipango ikapungua hadi kiasi cha laki mbili. Wakishaona karata tano, walizijua zote zilizobaki mikononi mwa watu. Na hapo tukumbuke kwamba wenye programu ile walikuwa waaminifu; ndio maana waliitangaza.

Wasiokuwa waaminifu nao wapo. Mwaka 2008 ilithibitika kwamba katika mtandao wa UltimateBet palikuwa na watu wa ndani walioweza kuziona karata za wenzao. Waliowagundua hawakuwa wakaguzi. Ni wachezaji wenyewe, waliokaa wakahesabu michezo iliyopita wakaona kwamba kuna mtu anashinda kuliko bahati inavyoruhusu.

Kisa cha Eddie Tipton tungependa kila afisa akisome. Mtu huyu alikuwa mkuu wa usalama wa mitambo katika chama cha bahati nasibu kinachohudumia majimbo kadhaa ya Marekani. Yaani ndiye mlinzi wa zizi. Akapenyeza katika mtambo wa kuchagua namba maandishi ya siri yaliyomwezesha kuzijua namba za siku fulani fulani. Mwishoni mwa mwaka 2010 ilinunuliwa tiketi katika jimbo la Iowa yenye zawadi ya dola milioni 16.5, mwenyewe akachelea kujitokeza, na kujificha huko ndiko kulikomfichua. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo kisichozidi miaka 25. Mitambo yake ilikuwa ya Serikali, imekaguliwa na ina vyeti.

Kwa hiyo cheti cha maabara kina thamani yake, lakini kinasema kwamba siku ya ukaguzi mtambo ulikuwa sawa. Vivyo hivyo kwa ile michezo inayojigamba kwamba mchezaji anaweza kuihakiki mwenyewe. Humwonyesha muhuri wa matokeo kabla hajacheza, kisha humfungulia baada ya kucheza alinganishe. Ni ufundi mzuri, tunaukubali. Unathibitisha kwamba matokeo hayakubadilishwa baada ya dau kuwekwa. Hauthibitishi kwamba bei ni ya haki.

Na bei ndiyo inayowala vijana wetu. Tulichukua karatasi pale kibandani tukaandika mechi moja iliyokuwamo katika simu ya kijana yule: mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40. Tukamuuliza: ukitaka upate shilingi 10,000 kwa vyovyote mechi itakavyokwisha, utaweka kiasi gani kila upande? Kwa mwenyeji 4,762, kwa sare 3,125, kwa mgeni 2,941. Jumla shilingi 10,828. Mtu anatoa 10,828 ili arudishiwe 10,000. Hapo hakuna aliyechezea mtambo, hakuna mwizi, kila kitu ni halali ya leseni; na katika kila shilingi mia, saba na ushei zimeshakuwa za mwenye kibanda kabla refa hajapuliza kipenga.

Mkeka ndio wenye maumivu zaidi. Mechi moja ya bei hii humrudishia mchezaji, kwa wastani, shilingi 92 katika kila mia. Mechi kumi zikifungwa pamoja, fungu la mwenye kibanda linajikata mara kumi, na kinachorudi ni kiasi cha shilingi 45. Kijana anaiona zawadi kubwa. Haoni kwamba mkeka mrefu una bei mbaya kuliko mkeka mfupi. Kindege kinatangazwa kuwa kinarudisha 97 katika mia, na wapo wanaoona huo ni ukarimu. Lakini mzunguko wake ni wa sekunde chache. Mwenye kuweka shilingi 1,000 mara mia moja katika jioni moja amezungusha laki nzima, na asilimia tatu ya laki ni 3,000, mara tatu ya lile dau analoliona dogo. Mabwana shamba wa zamani walinyonya kwa msimu. Mrija huu unanyonya kwa dakika.

Tugeukie waliopewa dhamana. Michezo ya kubahatisha haimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inatumika Tanzania Bara. Lakini posta na simu ni jambo la Muungano, na sarafu na mabenki vile vile. Kwa hiyo kamari ya simu imepanda chombo cha Muungano ikashukia bandari ambayo ina sheria zake. Tumesikia afisa akisema hapa kwetu hakuna tatizo kwa kuwa hakuna maduka ya kamari. Ndugu yetu huyo angefika diko la Mkokotoni angeona kwamba duka limo mfukoni.

Hatusemi kwamba kufunga ni kazi rahisi. Kenya ilizuia leseni za makampuni 27 mwezi Julai 2019. Baadhi walirudi, na mwaka 2025 ikalazimika kutunga sheria mpya. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, iliweka umri wa miaka 25. Uingereza tangu tarehe 14 Aprili 2020 imekataza kucheza kamari kwa kadi ya mkopo, na hili la mwisho tunaliona karibu na maisha yetu, kwani wapo vijana wanaokopa katika simu saa tatu usiku ili waweke dau saa tatu na dakika mbili.

Tumeyaandika maswali yetu kwa idara zinazohusika. Mwananchi wa Micheweni aliyezuiliwa pesa zake apeleke shauri wapi, Wete au Dar es Salaam? Je, kampuni za simu zinaweza kulazimishwa zisipitishe malipo kwenda kwa asiye na leseni? Je, mkopo wa simu unaweza kuzuiwa usiende moja kwa moja kwenye kamari? Na kwa nini fungu la mwenye kibanda lisiandikwe kwa Kiswahili mbele ya kila mchezo, kama uzito unavyoandikwa juu ya mfuko wa unga?

Kijana yule aliichukua karatasi yetu akaendelea mwenyewe na mechi nyengine. Tulipokuwa tukiondoka alituita kutoka kibandani kutwambia kwamba moja imefika 10,940. Majibu ya idara yakitufikia tutayachapisha katika safu hii.