MFUPA WA HILALI KATIKA KIFUNDO CHA MKONO



Mkono ndio mtaji wetu. Kwa mkono twapanda mkarafuu, kwa mkono twachuma, na aangukaye hutanguliza mkono. Basi yafaa tueleze maradhi ya kifundo cha mkono ambayo si mengi, lakini yampatapo mtu yaweza kumtoa kazini.

Kifundo kina vifupa 8. Kimoja cha katikati kina umbo la mwezi mwandamo, nasi tutakiita mfupa wa hilali. Damu isipofika humo sawasawa, mfupa hufa na mwisho huporomoka. Robert Kienböck, daktari wa Vienna, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1910, na huitwa kwa jina lake. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 20 hadi 40, hasa katika mkono wa kazi.

Tuwatazame wenzetu wa Mbinga, mkoani Ruvuma, ambao nao hula kwa jasho la mikono. Wamatengo huchimba mashimo ya ngoro milimani kwa jembe, na kahawa huichuma kwa vidole. Kule chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mvuvi wa Mbamba Bay au Liuli hupiga kafi na kuvuta nyavu. Mtu wa kazi hizo akiumwa kifundo ni rahisi kudhani ni uchovu, akajikanda na kuendelea. Hospitali zipo, Litembo na Liuli. Lakini Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ziwani. Sisi nasi kwenda huko twavuka bahari.

Madaktari huyagawa maradhi haya katika daraja 4. Mwanzoni mfupa ungali na umbo lake: mkono hufungwa ukapumzishwa, au mfupa wa kigasha hupunguzwa urefu kidogo ili mzigo upungue. Ukishaporomoka, daktari aweza kuutoa na kutia wa bandia. Zamani ulikuwa wa silikoni, lakini chembe zake zilipolika zilidhuru viungo, ukaachwa. Siku hizi hutumika pairokaboni au titani. Katika daraja la 4 kifundo kizima kimeharibika: ama hutiwa kiungo cha bandia cha madini na plastiki, ama mifupa huunganishwa kwa bamba la chuma.

Hapa ndipo pa kuangalia. Kiungo cha bandia hupunguza maumivu na mkono hukunjika, lakini hakikuumbwa kwa jembe, kafi wala kupanda miti. Mzigo mzito hukilegeza. Kwa hiyo mkulima mara nyingi hushauriwa kuunganishwa mifupa: mkono haukunjiki tena, ila una nguvu na maumivu hupungua sana.

Basi twawanasihi: kifundo kikiuma au kuvimba majuma kadhaa, nendeni mkapigwe picha. Picha ya kwanza yaweza isionyeshe kitu. Maumivu yakibaki, rudini. Mfupa wako mwenyewe, ukiwahiwa, wapita wa kununuliwa.

Wasalaam,
Katibu