Upasuaji kwa roboti: Nini hutokea katika ubongo wa mgonjwa mzee?

Mzee anayefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume kwa msaada wa roboti hulazwa chali, kisha kitanda huinamishwa, kichwa chini na miguu juu, mara nyingi kwa nyuzi 25 hadi 30, pengine zaidi. Hubaki hivyo kwa saa kadhaa. Je, ubongo wake hupata oksijeni ya kutosha?

Swali hili linazidi kutukaribia. Kituo cha IRCAD Africa mjini Kigali, kilichozinduliwa mwaka 2023, kinawafundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa kupitia matundu madogo.

Mkao huo una sababu yake: utumbo husogea kuelekea kifuani na nyonga ikabaki wazi. Tumbo nalo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi ili mikono ya roboti ipate nafasi. Sehemu ya hewa hiyo huingia katika damu, na hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kaboni dioksidi ikiongezeka katika damu, mishipa ya ubongo hutanuka na kupitisha damu nyingi zaidi. Ndiyo maana vipimo vingi vimeonyesha oksijeni ya ubongo ikidumu vizuri licha ya kichwa kuinama. Ugumu uko kwenye kutoka: damu inayorudi moyoni hulazimika kupanda, na shinikizo ndani ya fuvu huongezeka.

Mishipa ya ubongo wenye afya hujirekebisha yenyewe, ikitanuka presha inaposhuka na kujibana inapopanda. Lakini mishipa ya mzee aliyeishi na presha kwa miaka mingi imezoea msukumo mkubwa. Kipimo kinachomtosha kijana kinaweza kuwa kidogo mno kwake. Dawa ya usingizi hushusha presha, na kitanda kinaporudishwa sawa, presha huweza kushuka tena ghafla. Dakika hizo huzungumzwa kidogo kuliko zinavyostahili.

Ubongo, ulio takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna akiba ya maana. Kwa hiyo baadhi ya hospitali hubandika kihisi kwenye paji la uso. Mbinu hiyo, iliyoelezwa na mwanasayansi Frans Jöbsis mwaka 1977, hutumia mwanga usioonekana kwa macho, kwani damu yenye oksijeni huufyonza tofauti na ile iliyoipoteza. Kipimo kikishuka, mtaalamu wa usingizi hupandisha presha, huongeza oksijeni au huomba kitanda kipunguzwe mwinamo.

Kihisi hicho huona sehemu ya mbele ya ubongo tu. Tena haijathibitika kwamba kukitumia huwazuia wazee kuamka wakiwa wamechanganyikiwa, hali inayoweza kudumu siku kadhaa. Familia zinashauriwa kumweleza mtaalamu wa usingizi, kabla ya siku ya upasuaji, kama mgonjwa ana presha, amewahi kupata kiharusi, au ameanza kusahausahau.