Hesabu na Kutoa Hesabu: Usimamizi wa Utendaji katika Jiji la Baltimore

1. Utangulizi

Neno hesabu, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina maana mbili zinazohusiana. Kwanza, ni tarakimu na namna ya kuzijumlisha au kuzitoa. Pili, ni maelezo ya mtu aliyekabidhiwa mali au kazi ya wengine, kama inavyodhihirika katika usemi "kutoa hesabu". Makala haya yanaeleza jaribio moja la kuunganisha maana hizo katika utawala wa mji, yaani utaratibu uitwao CitiStat, ulioanzishwa mwaka 2000 katika jiji la Baltimore, jimbo la Maryland, nchini Marekani. Hoja inayotetewa ni kwamba kompyuta huimudu maana ya kwanza tu. Maana ya pili hupatikana pale ambapo mwenye mamlaka anauliza, na aliyekabidhiwa kazi analazimika kujibu.

2. Chanzo

Mzizi wa CitiStat ni CompStat, utaratibu wa polisi wa New York ulioanza mwaka 1994, William Bratton alipokuwa mkuu wa polisi na Jack Maple msaidizi wake. Ulisimama juu ya mambo manne: habari sahihi zipatikane kwa wakati, watu na vifaa vipelekwe upesi, mbinu zifaazo zichaguliwe, na ufuatiliaji usikome. Martin O'Malley, aliyeshika umeya wa Baltimore mwezi Desemba 1999, aliuchukua utaratibu huo na kuupanua, usihusu uhalifu pekee bali pia takataka, maji, barabara na nyumba.

3. Jinsi ulivyofanya kazi

Kila baada ya majuma mawili, mkuu wa idara alisimama mbele ya meya au wasaidizi wake, huku ramani na michoro ikionyeshwa ukutani. Programu zilizotumiwa zilikuwa za kawaida, za majedwali na za ramani. Kabla ya kikao, wachambuzi wachache walikuwa wamekwisha kupitia takwimu za idara hiyo: watoro kazini, malipo ya saa za ziada, malalamiko yaliyocheleweshwa. Jibu la mkuu huyo halikuufunga mjadala, kwani katika kikao kilichofuata aliulizwa tena jambo lile lile. Nguvu ya utaratibu huu ilikuwa katika marudio hayo.

Raia nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1996 Baltimore ilianzisha simu namba 311 kwa mambo ya polisi yasiyo ya dharura. Baadaye ikapanuliwa ili ipokee maombi ya huduma nyingine za jiji. Jiji liliahidi, kwa mfano, kwamba shimo la barabarani likiripotiwa lingezibwa ndani ya saa 48. Ahadi ya namna hiyo ni tofauti na ahadi ya "kutengeneza barabara", kwani mkazi yeyote aweza kuihakiki. Jiji lenyewe lilitangaza kuwa liliokoa dola milioni 13 hivi katika mwaka wa kwanza, na mwaka 2004 utaratibu huo ulipata tuzo ya Chuo Kikuu cha Harvard ya ubunifu serikalini.

4. Upungufu

Hata hivyo, aghalabu kinachohesabiwa ndicho kinachotendwa. Mwaka 2005 polisi wa Baltimore walikamata watu zaidi ya mara 100,000, katika jiji la wakazi wapatao 640,000, na wengi waliachiliwa bila kushtakiwa. Mashirika ya kutetea haki yalifungua kesi mwaka 2006. Mwaka 2010 jiji likakubali kulipa dola 870,000. Haifai kudai kuwa majedwali peke yake ndiyo yaliyoleta hali hiyo, maana siasa ya kutovumilia hata kosa dogo ilikuwa imekwisha kuchaguliwa. Lakini idadi ya waliokamatwa haisemi ni nani aliyekamatwa bila haki. Huko New York pia, ripoti ya kamati ya uchunguzi iliyotangazwa mwaka 2013 ilieleza kuwa baadhi ya makosa yaliandikwa kuwa madogo kuliko yalivyokuwa.

5. Hitimisho

Jambo hili si geni kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Katiba ya 2006 na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 zimeupa mji, komine, sekta na utawala wa kimila haki ya kujiendesha. Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano wa Baltimore unaonyesha kuwa daftari nalo halitoshi. Hapana budi awepo wa kulisoma na kuuliza kila mara, na raia wawe miongoni mwa wanaoamua ni kitu gani kihesabiwe. Komine isiyo na kompyuta hata moja yaweza kuanza kwa kitabu cha malalamiko, siku maalumu ya kukisoma hadharani, na kiongozi aliye tayari kujibu.